Siku Nilipoezua Paa Juu ya Kichwa cha Shangazi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mgongo huniwasha kama nimelalia nyasi kavu. Asubuhi ya siku hiyo nilipanda juu ya nyumba ya marehemu baba yangu, panga mkononi, nikaanza kuliezua paa huku shangazi yangu na binti zake watatu wamo ndani wanakoroga uji. Sikuwa kichaa. Nilikuwa nimesoma.

Sogea nikueleze taratibu, maana nimesikia unazunguka na karatasi za urithi kwapani, unatafuta mtu wa kukusaidia kuwatoa nduguzo katika nyumba uliyoachiwa. Sikulaumu. Nyumba ni yako, na wao wamekataa kutoka. Mimi pia nyumba ilikuwa yangu, nao walikataa kutoka, na haki yangu ilikuwa nyeupe kama maziwa. Lakini hata maziwa, ukiyabeba kwa kukimbia, utafika na kibuyu kitupu.

Kwetu huku milimani, juu ya Kisiwani, nyumba ya baba huachiwa mtoto wa kiume wa mwisho. Mtoto huyo ndiye mimi. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nilikuwa nimeteremka kwenda kukata mkonge katika shamba moja kando ya reli, na huko nilikaa miaka minne. Baba alifariki nikiwa huko. Habari ilinifikia amekwisha kuzikwa, na nilipopanda mlima kurudi nyumbani nilikuta kaburi limeanza kuota majani, na nyumba imejaa watu.

Waliojaa walikuwa shangazi Nanzia, dada yake baba, na binti zake. Shangazi aliolewa kule chini Kisiwani. Mumewe alipofariki, shemeji zake waligawana shamba na ng'ombe, wakamwambia arudi kwao. Akapanda mlima na wanawe, pamoja na beberu mmoja ambaye ndevu zake, nakuapia, zilikuwa ndefu kuliko za mchungaji wetu. Baba akampa chumba cha nyuma. Niliporudi mimi, chumba cha nyuma kilikuwa na binti, cha kati kilikuwa na shangazi na mahindi yake, na katika chumba cha mbele, juu ya kitanda changu mwenyewe, kuku alikuwa ameatamia. Alinitazama kama mimi ndiye niliyekosea mlango.

Ningeweza kuvumilia, lakini nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimempenda Raheli, msichana wa mlima wa pili, na mjomba wake ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo wao. Mzee yule hakuwa na maneno mengi. Aliniambia, "Mvua za vuli zikipita tutakuja kuitazama nyumba. Tukikuta ina nafasi ya binti yetu, tutazungumza. Tukikuta imejaa, yuko fundi cherehani kule Same, naye ana nyumba ya bati." Bati la fundi yule, walisema, jua likilipiga, ndege hupotea njia. Sijui. Sikuwahi kwenda kulitazama, kwa wivu.

Sasa, kule kwenye mkonge nilikuwa nimehudhuria masomo ya jioni. Karani mmoja wa kambi alitufundisha kusoma na kuandika, na nilipohitimu alinipa karatasi yenye jina langu. Tangu siku hiyo nilisoma kila kitu: magunia, vibao vya stesheni, hata makopo ya rangi. Nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kujua kuandika barua, na mtu akipewa nyundo mpya huona kila kitu ni msumari. Kwa hiyo nilimwandikia shangazi barua, ingawa tulikuwa tunalala nyumba moja. Kwa kuwa hakujua kusoma, nilisimama mlangoni nikamsomea mwenyewe: "Kwa mujibu wa urithi, wewe Nanzia unatakiwa kuhama katika nyumba hii wewe na watu wako na vyote ulivyo navyo, pamoja na beberu."

Shangazi aliacha kupepeta mahindi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Una sauti nzuri, baba," akasema. Shangazi zetu hutuita baba. "Marehemu kaka angefurahi. Hebu rudia pale penye beberu."

Nikarudia. Binti zake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha akanipa kibakuli cha uji, nami, bila aibu, nikanywa.

Siku nyingine nilimwambia kwa mdomo, "Shangazi, nyumba ni yangu."

"Ni yako, baba. Nani kasema si yako?"

"Basi hameni."

Akanitazama kwa muda, kama mtu anayengoja neno jingine lifuate. Halikufuata. Akarudi kwenye mahindi yake. Hilo neno alilokuwa akilingoja, mwanangu, nitakueleza, lakini wakati ule sikujua kama lipo. Nilijua tu kwamba siku zinapita, na kwamba mjomba wa Raheli ana miguu mizuri ya kupanda milima.

Ndipo nikapata akili yangu kubwa. Nilijiambia: hakuna mtu anayekaa katika nyumba isiyo na paa. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kuinusa milima. Nitasema nyasi zimeoza, nitaezua. Wao watakwenda kujisitiri kwa majirani, mimi nitaezeka polepole, na siku ya kumaliza nitaingia ndani peke yangu na kutia komeo. Nilijisifu kwa hila hiyo siku mbili nzima. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini wakati anachimba, mbona hufurahia jinsi udongo ulivyo laini.

Nilichosahau, kwa kukaa miaka minne kwenye kambi ambapo kila mtu hulala juu ya kitanda cha bwana, ni kwamba kwetu nyumba iliyo wazi haiachwi ikalala wazi. Ni aibu ya kijiji kizima. Alikuwapo mzee mmoja, Mzee Mbonea, mlinzi wa ndiva yetu, yaani lile bwawa tunalokusanyia maji ya mifereji. Yeye ndiye aliyegawa zamu za maji, na yeye ndiye aliyekuwa na baragumu la kuwaita watu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Asubuhi ile alikuwa juu kwenye ndiva. Akatazama bondeni, akaona mbavu za nyumba ya marehemu rafiki yake ziko nje na mawingu yamekaa juu yake. Hakuuliza. Akapuliza.

Baragumu lile lilisikika mpaka Kwakoa. Wapo wanaosema ng'ombe waliokuwa wakinywa Ziwa Jipe waliinua vichwa. Sijamaliza kushuka ngazini nikaona watu wanatoka kila upande: wanaume na fito, wanawake na matita ya nyasi vichwani, vikongwe na kamba za migomba. Nikisema walikuwa elfu, punguza. Lakini usipunguze sana.

Shangazi akatoka nje, akaniangalia kule juu, mkono kiunoni.

"Baba, mbona hukuniambia leo unaniezekea? Ningeloweka mahindi jana."

Nikafungua kinywa. Nikawatazama wale watu na matita yao. Nikanyoosha mkono kupokea tita la kwanza.

Walifanya kazi kama siafu. Mimi mwenyewe niliwekwa kwenye ncha ya paa, sehemu ya heshima, kwa sababu kila aliyepita chini alinisifu: kijana huyu, ametoka kwenye mkonge hata jasho halijakauka, na kitu cha kwanza anachofanya ni kumwezekea shangazi yake mjane. Mama mmoja alinibariki kwa majina ya babu zangu hadi wa saba. Nilifunga nyasi kwa nguvu kuliko wote, maana mikono yangu ilitaka kujificha mahali.

Huku nyuma shangazi alikuwa ameazima vyungu kwa majirani, na mahindi yaliyolowekwa akayapata huko huko. Alasiri makande yalikuwa tayari, na dengelua kidogo, ile pombe yetu ya miwa, kwa ajili ya wazee. Na sasa sikiliza desturi yetu, maana hapa ndipo nilipojimaliza. Kwetu, anayewalisha waezekaji ndiye mwenye paa. Kabla watu hawajala, mkubwa wao husimama, hutia chakula cha kwanza mdomoni, kisha hulitaja jina la mwenye nyumba, na wote huitikia. Hatukuwa na hati wala muhuri. Vinywa vya watu ndivyo vilivyokuwa muhuri.

Mzee Mbonea akasimama, akatafuna, akameza.

"Tumeezeka nyumba ya Nanzia."

"Tumeezeka," watu wakaitikia. Na mimi, mwanangu, nikiwa bado juu ya paa na kamba mdomoni, kwa mazoea ya tangu utotoni, nikaitikia pamoja nao.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Mbonea. Nilimkuta anazibua mfereji kwa jembe la mpini mrefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Paa halivuji?"

Nikamwambia haja yangu. Wakati ule kesi za nyumba na mashamba zilisikilizwa na mfumwa wetu, mtawala wa milima hii, katika baraza lake, nami nilitaka mzee aje kuwa shahidi wangu kwamba nyumba ile ni ya baba na sasa ni yangu.

"Nitakuja," akasema. "Nitasema nyumba ilikuwa ya baba yako. Mfumwa ataniuliza, jana nani aliwalisha? Nitasema Nanzia. Ataniuliza, nani aliezua mpaka watu wakaitwa? Nitasema wewe. Kisha ataniuliza kama kijana huyu ana akili timamu. Hapo nitaomba maji ya kunywa."

Sikucheka. Yeye pia hakucheka. Alikita jembe lake kwenye matope akaliegemea.

"Umemuuliza kwa nini haondoki?"

"Nimemsomea barua, mzee."

"Sikukuuliza umemsomea nini. Unaona maji haya? Mwaka wa kwanza ulipoondoka, baba yako alikuwa tayari mgonjwa. Nyumba isiyotoa mtu kwenye msaragambo hupoteza zamu yake, unajua. Kila nilipopuliza, nyumba yenu ilitoa mtu. Nani alikuja?"

Nilijua jibu kabla hajalimaliza swali.

"Alikuja na jembe la baba yako, na mtoto mdogo mgongoni. Umerithi nyumba yenye maji, kijana. Kuta ulirithi kwa baba. Maji umerithi kwa nani? Ukishajua, nenda ukakae chini umuulize shangazi yako swali moja. Ukae chini. Mtu aliyesimama haulizi, anaamrisha."

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini kwa mtu mwenye cheti kuuliza ni kama kula pilipili nzima. Nilirudi. Shangazi alikuwa anamenya viazi. Nikakaa chini, kwenye udongo, nikachukua kisu na mimi nikamenya. Nilimenya viazi vingi sana, nusu ya gunia labda, ndipo sauti ikatoka.

"Shangazi, kwa nini hutaki kuondoka?"

Akaweka kisu.

"Siku mbili kabla kaka hajafariki, aliniita. Akaniambia, 'Nanzia, usitoke nyumba hii mpaka mwanangu arudi akuonyeshe mahali. Yeye ndiye mwenye ardhi, sitaki kuigawa akiwa hayupo.' Nikamwambia nimesikia. Ukarudi. Nikangoja. Wewe ukaja na barua. Baba, tangu umerudi unanionyesha njia. Mimi nangoja unionyeshe mahali."

"Mbona hukuniambia?"

"Niseme nini? Kwamba naomba? Kule Kisiwani niliomba. Nilipiga magoti mbele ya shemeji zangu, wanangu wakiniona. Nilipopanda mlima huu niliapa sitaomba tena mahali pa kulala. Nikadhani mtoto wa kaka yangu atauliza mwenyewe."

Neno alilokuwa akilingoja lilikuwa hilo, mwanangu. Nilimwambia hameni, naye alingoja niseme wahamie wapi.

Ningependa kukuambia kwamba moyo wangu ulifunguka papo hapo. Haukufunguka. Siku ya kwanza nilimpeleka juu ya mfereji, kwenye kile kipande chetu cha mawe ambacho hata mjusi hupita akikimbia. Shangazi akakizunguka mara moja, akachukua jiwe, akalirudisha mahali pake kwa adabu.

"Pazuri," akasema. "Beberu atashiba upepo."

Tukarudi. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi nikampeleka chini ya mfereji, kwenye migomba aliyoipanda baba, udongo mweusi ambao ukidondosha fimbo huota. Mahali hapo nilikuwa nimepanga kulima mwenyewe na Raheli. Nikapima kwa hatua, tena hatua ndefu, nikachomeka vijiti pembe nne. Shangazi hakusema asante. Aliinama akang'oa gugu moja, akalitupa nje ya vijiti. Nikajua amehamia.

Tulijenga kwa wiki tatu. Siku ya kuezeka Mzee Mbonea alipuliza tena, watu wakaja tena, wengine wakinong'ona kwamba kijana huyu ana ugonjwa wa paa. Safari hii niliwalisha mimi. Makande yangu yaliungua chini, yalikuwa mabichi juu, na katikati sijui. Watu walikula kwa heshima ya marehemu. Kwa kuwa mlishaji ni mimi, jina la kutajwa lilikuwa langu. Nikamwomba mzee ruhusa, nikalitaja mwenyewe: "Tumeezeka nyumba ya shangazi Nanzia." Wakaitikia. Na siku hiyo hiyo shangazi alibeba vyungu vyake, binti zake wakabeba mahindi, beberu akafuata bila kuvutwa, na nyumba ya baba ikawa tupu, na hakuna mtu aliyeufunga mlango kwa hasira.

Vuli ikapita, mjomba wa Raheli akaja na wazee wawili. Aliingia vyumba vyote vitatu, akagonga kuta, akatazama juu. Kisha akakaa.

"Nyumba ina nafasi," akasema. "Lakini habari hupanda milima kabla ya watu. Tumesikia yuko kijana huku aliyeezua paa watu wakiwa ndani. Sasa tunauliza: binti yetu naye akizeeka, akikuchosha, utamwezua?"

Kwa desturi yetu, katika mazungumzo kama yale kijana hajisemei. Anayemsemea ni shangazi yake. Wahenga hawakukosea: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Shangazi Nanzia alikuwa amekaa karibu na mlango, katika nyumba ambamo hakuwa tena na chumba, na sasa ukoo wangu wote ulikuwa mikononi mwake. Angeweza kusema uongo wa kunisaidia. Angeweza kusema ukweli wa kunimaliza. Wala nisingemlaumu.

"Ni kweli aliniezulia," akasema. "Watoto wangu walikunywa uji wenye vumbi la nyasi. Kisha akakaa chini akaniuliza, na akaniezekea, kwa mikono yake, kwenye ardhi yake nzuri. Mimi, wazee, niliolewa kwa watu ambao hawakukosa adabu hata siku moja. Waliniondoa kwa maneno mazuri, na hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi. Kama mnatafuta asiyekosea, nendeni Same. Kama mnatafuta anayerudi kurekebisha, mtoeni binti."

Mjomba alitazama paa tena, muda mrefu. Kisha akaomba chakula. Kwetu, mgeni wa namna ile akiomba chakula, jibu limetoka. Raheli ndiye bibi yako huyo unayemsikia anatukemea huko uani tukiongea sana.

Basi, mwanangu, nakuambia waziwazi ili usije ukasema babu alinipa hadithi, hakunipa ushauri. Nduguyo akikataa kutoka katika nyumba uliyorithi, kabla ya karatasi, kabla ya wakili, nenda ukakae chini umuulize: ukitoka hapa, unakwenda wapi? Na jibu lake ulisikilize mpaka mwisho, hata likikutia aibu. Tafuta nani alimuuguza marehemu, nani alilipalilia kaburi, nani aliifanya nyumba iendelee kuwa nyumba wakati wewe upo mbali, maana urithi una jasho la watu ambao majina yao hayamo kwenye wosia. Kama unacho cha kumpa, mpe kipande ambacho nawe ungekipenda. Ukimpa mawe, atarudi, na atakuwa na haki. Kama huna, mtafutieni pamoja, ukoo mzima. Mkishamwonyesha mahali mbele ya mashahidi na bado anakataa kwa kiburi tu, basi nenda barazani, nenda mahakamani, wala usione haya. Wapo ndugu wa namna hiyo, na haki yako si dhambi. Lakini uende mikono yako ikiwa safi, ili hata yeye akitoka, atoke akijua kwamba alionyeshwa mlango mwingine kabla ya kufungiwa huu.

Haya, inua kichwa nikubariki. Mungu aipe nyumba yako wanao na wageni, na akupe hekima ya kuwatofautisha. Akuondolee ulimi wa kuamrisha pale panapotaka kuulizwa. Udongo wako ulowe kwa zamu yako, wala usiibe zamu ya mwenzio. Na siku utakapoiacha nyumba hiyo wewe mwenyewe, maana sote tutahama tu, uwakute waliotangulia wamekutengea mahali, na hapo mlangoni asisimame mtu hata mmoja wa kukuuliza ulimpeleka wapi.